Tungecheza Hata Bure

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, duka langu la simu nimelifunga, na moyo umekaa vibaya.

Idi kanipigia mchana. Ni mdogo wangu wa mwisho, anasoma hapa Durban na ni nahodha wa timu ya mpira ya chuo, ileile niliyoichezea mimi. Wenzake wanataka kugoma: kesho wasiingie uwanjani mpaka chuo kikubali kuwalipa. Mechi yenyewe inaonyeshwa kwenye televisheni, na wanamsubiri yeye aseme neno. Akigoma, huenda akapoteza ufadhili wa masomo.

"Kaka, jezi yenye jina langu iko dukani," akasema. "Nikiitaka, eish, lazima ninunue kama watu wote. Niambie, nicheze au nisicheze?"

Nikamwomba anipe muda kidogo. Ukweli ni kwamba alipotaja uwanja tu, akili yangu ilishaondoka.

Niliikumbuka harufu ya dawa ya kuchua kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikakumbuka basi la chuo tukielekea Pietermaritzburg, wenzangu Wazulu wanaimba na mimi mtoto wa Tanga naitikia maneno nisiyoyajua kwa sauti kubwa kuliko wote. Tukishinda, kocha alitupitisha Chatsworth kununua bunny, mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage. Mkate mmoja watu wanne, na ule mfuniko wake tunaugombania kama watoto. Siku hizi nanunua wa peke yangu, na wala siumalizi.

Nilikuwa na furaha, jamani.

Na wakubwa wa chuo walijua. Hapo ndipo hasira inaponipanda. Tiketi waliuza getini, jukwaa lilijaa, na sisi hatukudai kitu kwa sababu tungecheza hata bure. Mapenzi hayo! Chongo tuliita kengeza. Goti langu lilipoharibika wakanipa pole, kisha wakaniuliza nitahama lini bwenini. Masomo niliyamalizia kwa kuuza chaja barabarani mjini.

Rehema, mke wangu, alinisikia nikinung'unika. "Si wanasomeshwa bure? Hayo si malipo?"

Hoja yake si ya kutupa, nimeipima. Lakini kijana anayefadhiliwa kwa sababu ya hesabu naye anasomeshwa bure, na hakuna anayeuza fulana yenye jina lake. Akivunjika mguu, anaendelea kusoma.

Kwa hiyo jibu nililijua mapema. Kilichonichelewesha ni Mama.

Mama yuko Tanga. Mimi hakuwahi kuniona nikicheza hata mara moja. Enzi zetu kamera hazikuja. Kesho angemwona Idi. Amealika majirani, amekodi na viti, kila akipiga simu ananiuliza mechi ni saa ngapi za huko kwenu. Na mimi pia nilitaka, niseme tu. Nilitaka kumwona mtoto wa nyumbani kwetu akitangulia kuingia na kitambaa cha unahodha mkononi, nijidanganye kwa muda wa mechi moja kwamba ni mimi.

Jioni nikampigia Idi. Nikamwambia asicheze, asimame na wenzake, na wakimnyima ufadhili duka lipo, ada tutahangaika nayo pamoja.



"Sharp, kaka, sawa," akasema, kwa sauti ya mtoto mdogo. Naye alitaka kucheza. Nadhani alipiga akitumaini nitamruhusu.

Nilipokata simu, nililia. Rehema akaniletea chai, akakaa nami.

Kesho asubuhi nitampigia Mama kabla hajapanga viti. Nitamwambia mwanawe hachezi, na aliyemkataza ni mimi.