Nimeacha Kuzima Moto, Lakini Sijui Kupumzika

Bi Elsie, salamu nyingi kutoka Voi, nakuomba unishike mkono kabla shule hazijafungwa, maana zikifungwa tu mke wangu Khairat na watoto wanapanda Wusi, kule milimani kwenye baridi, kwa nyanyake kukaa likizo yote, na amesema waziwazi kwamba nisipopanda nao basi nisimuulize tena kwa nini amenuna.

Mimi nimezima moto wa nyika kwenye ranchi moja upande wa Ndara tangu sijaoa, kila kiangazi nyasi zikikauka naitwa, narudi nyumbani mvua za vuli zikianza, na watoto wangu wamezoea kumpokea baba mwenye macho mekundu na nguo zinazonuka moshi, lakini mwaka huu kifua kilikataa, daktari akasema basi, nikafungua kibanda cha viungo na chupa za chai hapa sokoni, na hiki ndicho kiangazi changu cha kwanza nyumbani.

Shida ni kwamba mwili haujaambiwa. Juzijuzi niliona moshi unapanda nyuma ya nyumba, nikalowesha gunia, nikaruka ua, nikapiga na kupiga mpaka nikasikia jirani yangu Mama Moureen anapiga kelele, "Baba Faiza, hayo ni mahindi yangu!" na kweli yalikuwa mahindi ya kuchoma, alikuwa anajitayarishia biashara ya jioni. Kabla ya hapo nilifyeka nyasi zote kuzunguka nyumba, maana kule ranchi lazima kuwe na mkanda mtupu ili moto ukifika ukose cha kula, nikafyeka mpaka asumini ya Khairat pale mlangoni, ile anayojipambia nywele. Alitoka, akaangalia kisiki, akaniuliza, "Waleed, huo moto unatoka wapi, chumbani?"

Halafu Jumapili binti yangu Faiza akatengeneza tiara kwa gazeti na chelewa za ufagio, akaniomba nimshikie uzi. Bi Elsie, upepo huu wa kiangazi nimeuchukia miaka yote kwa sababu ndio unaobeba moto, kumbe ndio huo huo unaopandisha tiara, nikakimbia uwanjani pekupeku nikicheka kama nilivyocheka utotoni kule Mata, tulipokuwa tukioga mferejini mpaka midomo inatetemeka, na nilifurahi, nilifurahi sana, ndipo akatokea Wambua, mwenzangu wa ranchi, na baiskeli yake, akasema, "Bosi anakutaka urudi. Wiki jana moto umetokea kule mlimani, tumeuzima lakini tumechoka, na wewe ndio unajua upepo." Uzi ukanitoka mkononi. Tangu hapo najiona mwizi, wenzangu wanakula moshi na mimi nacheza tiara. Je, nirudi ranchi kiangazi hiki kimoja tu, au nipande Wusi? Na nikipanda, moto ukamchoma mtu?

Waleed, Voi.

*Bi Elsie anajibu:*

Baba Faiza, pole, tena pole sana, na sasa kaa nikugombeze.

Kwanza yale mahindi. Nimecheka mpaka watu wa ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Mpelekee Mama Moureen mengine leo, na usimchoshe na maelezo.

Umeandika mwenyewe kwamba moto ulitokea, na Wambua na wenzake wakauzima. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unapigana na mahindi! Moto ulizimika bila wewe, na nadhani hapo ndipo panapokuuma, kuliko hiyo hofu ya mtu kuungua. Sikulaumu. Aliyezoea kuhitajika huona kukaa bure ni kama kufukuzwa. Lakini daktari alisema basi, na kifua hicho huna kingine.

Mwite Wambua chai. Mweleze yote unayoyajua kuhusu upepo wa kule, unageukia wapi na saa gani, mpaka yeye mwenyewe aombe ruhusa ya kwenda. Kisha umwambie kwamba hutarudi. Neno "tutaona" lisitoke mdomoni mwako, bila shaka mkeo amelisikia tangu mlipooana. Na huyo mama namsifu kwa subira, mimi ungenifyekea asumini ungelala kibandani na viungo vyako. Omba kijiti cha asumini kwa majirani, ukipande pale pale mlangoni, Khairat akikuona. Panga lifichwe.

Na hilo la wizi liache. Furaha ile hukumnyang'anya mtu, ilikuwa yako tangu Mata, umechelewa tu kuifuata. Faiza hakuhitaji bingwa wa moto, alikuomba umshikie uzi, ukauachia. Mtengenezee tiara nyingine.

Basi panda Wusi na familia yako, na tiara ndani ya mizigo. Ila nakuonya mapema, maana sasa nakujua. Asubuhi ya kwanza utafungua mlango uone kitu cheupe kinapanda kutoka bondeni, kimefunika mashamba yote, na miguu itataka kukimbia, na macho yataanza kutafuta gunia. Simama hapo hapo. Ni ukungu, Baba Faiza. Vaa sweta, urudi ndani unywe chai na mkeo.