Jiwe la Kufulia la Mama

Porriño, Oktoba

Kaka yangu Anxo,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Margot, kutoka kwenye mvua hii ya Galisia unayoijua. Vipi mgongo wako? Na Geneva, baridi imeshaanza? Mimi mzima wa mwili. Mama anakula na analala, lakini kumbukumbu ndiyo hivyo tena, inazidi kupotea.

Maonyesho yangu ya mawe ya kuchonga yamefunguliwa Vigo. Wenye magazeti wameandika kwamba mabonde ninayochonga kwenye granaiti nimejifunza kwa mabingwa wa Paris. Paris, jamani! Wewe na mimi tunajua yalikotoka: lile jiwe la kufulia pale kijitoni, lililolika kwa mikono ya Mama tangu hatujazaliwa. Maisha yangu yote nachonga jiwe hilohilo. Ndiyo maana nikampeleka Mama kwenye maonyesho. Nilitaka alione, kisha anitazame aseme, hata mara moja tu, "Sabela wangu." Tangu Pasaka hajanitaja jina.

Basi akafika kwenye jiwe kubwa kuliko yote, akalipapasa. Mara akavua kitambaa cha kichwani, akakunja mikono ya sweta, akaanza kufua! Mlinzi akaja mbio kusema vitu havishikwi. Nikamwambia amwache, jiwe ni lake. Watu wakacheka. Mimi nilijawa na furaha, nikajua leo atanitambua.

Akageuka, akaniuliza, "We mama, mtoto wa nani wewe? Usinisimamie hapo kama bibi harusi, shika huku tukamue!" Nikashika ncha ya kile kitambaa kikavu. Akaona viganja vyangu, akaguna: maskini, vigumu kama vya marehemu mume wake; akauliza, kwani mume wangu ananitumikisha? Kisha akanihimiza. "Fanya haraka, Sabela wangu anakaribia kutoka shule, atakuja na njaa." Nililia palepale, Kaka, na sabuni ya kusingizia sina.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Nilimjibu kwamba mimi ni jirani. Alifurahi mno, akanikaribisha supu ya kabichi. Tangu siku hiyo naingia nyumbani kwetu kwa kubisha hodi. Tunakamua shuka pamoja, naye ananisimulia habari za Sabela, alivyo mtundu, na jinsi anavyompenda. Nilipokuwa mwanawe hakuwahi kuniambia.

Njoo Krismasi, nakusihi. Ila ukifika, mbele yake usiniite dada.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Sabela