Fomu Haina Sehemu ya Ndege

Maparoni, shambani kwa Mama.

Kwa dada yangu Sihaba, Mkongo.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Salumu, pamoja na mwanetu Rukaiya, ambaye nasikia analia kama mtu mwenye kesi. Mshono unaendeleaje? Sisi huku hatujambo, Mama hajambo, na ndege nao hawajambo kupita kiasi, maana wote wamehamia kwenye mpunga wetu. Naandika kwa sababu simu yangu imeisha chaji na, kusema kweli, kwa sababu kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Ulinisisitiza nikadai fao la kukosa ajira, ukasema ni haki yangu, mtu aliyefukuzwa kazi asilale. Basi nilikwenda ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, na kanzu ya Idi juu. Nilipokewa na dada mmoja wa bara, Marsela, mpole kweli. Akafungua jalada langu, akakuta barua, akaisoma kwa sauti foleni nzima ikisikia: kwamba mimi Twalibu, karani wa mizani katika ghala la ufuta la Bwana Haidari hapo Kibiti, naacha kazi kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na binadamu wala jini. Mzee mmoja nyuma yangu akaomba nakala, mwanawe ajifunze kuandika.

Marsela aliniuliza kama mwandiko ni wangu. Ningekataaje, nami nilikuwa nimepiga hadi mistari ya mapambo chini ya jina? Akanieleza taratibu, kama anayempa mtu pole, kwamba fao lile ni la aliyeachishwa kazi, si la aliyeacha mwenyewe, na kwamba michango yangu haipotei, itaendelea nikipata kazi nyingine. Nikajitetea kuwa niliacha kwa sababu ya ndege. Akauliza ni ndege gani hao wanaomtoa mtu kazini. Ikabidi nimweleze habari za dungu: kwamba mpunga ukianza kukomaa lazima mtu ahamie shambani, apande dunguni alfajiri na kupiga kelele mpaka jua lizame. Alisikiliza yote, halafu akasema fomu haina sehemu ya ndege.

Nikarudi kwa Bwana Haidari kumwomba anifukuze kwa tarehe ya nyuma. Alikasirika kweli. Alisema tangu afungue ghala hajamfukuza mtu, na hataanza kwa uongo, tena baada ya wewe kumpigia simu na kumwambia Mungu atamuuliza.

Dada, hapo ndipo penye aibu yangu. Kaa kitako kwanza. Sikufukuzwa, nilikudanganya. Mwaka huu zamu ya dungu ilikuwa yako. Nilipokuja kukuona wodini, siku ya pili tu baada ya kupasuliwa, nilikukuta unamuuliza shemeji habari za boti ya kukuleta huku, kwa kuwa Mama alikuwa dunguni peke yake na sauti imemkauka. Niliomba likizo, Bwana Haidari akasema ufuta unaingia, nisubiri. Mpunga haungesubiri. Nikaandika ile barua. Ningekuambia nimeacha kazi kwa ajili ya zamu yako, ungeshuka kitandani na mshono wako. Kwa hiyo nikasema nimefukuzwa, nina nafasi. Uliamini papo hapo, bila hata kuuliza nimekosa nini, na hilo mpaka leo linaniuma kidogo.

Nakuomba umpigie Bwana Haidari umtake radhi. Amesema akilisikia hilo neno kutoka kinywani mwako, msimu wa korosho nafasi yangu ya mizani ipo.

La mwisho ni la furaha. Jana nilisinzia dunguni, ndege wakashuka, Mama akaja na uji akanikuta nakoroma. Sauti yake imerudi, Dada! Ile ile ya zamani, iliyokuwa ikituita kutoka ng'ambo ya mto. Alichosema nayo ni kwamba amenifukuza kazi tangu dakika ile, nishuke, asinione tena dunguni kwake. Nilishuka machozi yakinitoka kwa raha. Halafu nikamwomba aniandikie barua ya kunifukuza.

Msalimie shemeji, nibebee Rukaiya, na usiinue ndoo.

Nduguyo, safari hii aliyefukuzwa kweli,

Twalibu