Siku Ilipoanguka Theluji

4 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, sijui wewe na goti lako. Lisugue mafuta, usilibembeleze.

Mwanao sasa mtu mzito. Kiwanda kizima cha barafu kinanitegemea, ingawa wenyewe hawajui. Tunajaza maji kwenye makopo ya bati marefu kama wewe, tunayazamisha kwenye maji ya chumvi yenye baridi kali, kesho yake tunang'oa magogo ya barafu. Wenzangu wanavaa glavu mbili mbili. Mimi moja, tena imetoboka.

Msimamizi anataka kuniandikisha fundi wa mashine, nitoke kwenye ukibarua. Fomu inadai tarehe ya kuzaliwa. Nikamwambia, "Andika siku ya theluji." Walicheka mpaka mmoja akaangusha gogo. "Theluji? Kwenye joto hili?" Nikawaambia wakuulize wewe: dunia iliposikia nakuja, ikajipaka poda. Nitumie tarehe niwazibe midomo. Mwisho ni Juni.

Mwanao, Bwana Theluji

19 Machi

Mwanangu, marahaba.

Goti ni lile lile. Andika tarehe yoyote, nani atajua? Hiyo habari ya theluji achana nayo, na usiende kuulizauliza watu. Kula vizuri.

Mama yako

3 Aprili

Mama, shikamoo. U hali gani? Mimi mzima, ila nimekuwa msomi.

Unajua nisivyoambilika. Nimekwenda ofisi ya hali ya hewa. Karani wa pale, mama mmoja mwenye miwani minene, kanitolea daftari la mji wetu wa nyumbani, vumbi tupu, tukapekua miaka sitini. Mvua ya mawe, mara kumi na moja. Maji kuganda kwenye ndoo, mara mbili, utando mwembamba kama ganda la yai. Theluji, mara moja tu: Julai, alfajiri, dakika arobaini, ikayeyuka kabla ya saa tatu. "Watu walitoka nje na nguo za kulalia." Imeandikwa hivyo hivyo! Nusura nimbusu yule karani.

Halafu nikatazama mwaka. Ni miaka ishirini na minne iliyopita. Mama, mimi nina kumi na tisa, na hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la sita naiweza. Au ulinibeba miaka mitano? Ningetoka na ndevu. Karani anasema daftari halikosei. Nikamwambia mama yangu ndiye hakosei.

Nijibu upesi.

Mwanao

25 Mei

Mama, shikamoo. Barua zimepotea, au umenuna? Hii ni ya tatu tangu ile ya daftari.

Jumapili kiwanda kinafungwa, wenzangu wanakwenda kwao. Mimi nalala chali nahesabu mbao za dari. Ziko thelathini na moja, na leo hazijaongezeka. Zamani nikiwa peke yangu hivi nilijiambia, wewe si mtu wa hivi hivi, mbingu ilikufanyia kitu. Sasa hata hilo sijui kama ni langu.

Sijakasirika. Niambie tu.

Mwanao

16 Juni

Mwanangu, marahaba. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Daftari halijakosea. Ulikuwa na kaka. Yeye ndiye aliyezaliwa alfajiri ile. Mkunga hajamaliza kumfunga kitovu, watu wakaanza kupiga kelele nje, akakimbia kutazama. Nami nikainuka, nikambeba, nikatoka naye. Nilitaka aione. Nikamfunua uso, ikamdondokea. Kifua kikamshika. Siku ya nne hakuamka.

Tukahama mtaa. Baba yako alikataza asitajwe, nami nikazoea. Ulipokuwa na miaka minne uliniuliza siku yako ilikuwaje. Mdomo ukatoa ile. Ukafurahi, ukatoka mbio kuwatangazia wenzio. Nikashindwa kukunyang'anya.

Siku yako ni tisa Novemba, saa saba mchana. Jua lilikuwa kali, hata mbwa walikuwa wamelala. Nje hakukuwa na kitu cha kutazama. Mkunga akasema nikupeleke barazani upate hewa. Nikakataa. Nilikushika humo humo ndani mpaka jua likazama.

Mama yenu

29 Juni

Mama, shikamoo.

Fomu nimeijaza jana. Msimamizi akasoma kwa sauti, "Tisa Novemba. Na theluji je?" Wote wakageuka, wanangoja nitoe kichekesho. Nikawaambia theluji ilikuwa ya kaka yangu. Hakuna aliyecheka. Sijawahi kulitamka neno hilo kwa mtu wangu mwenyewe, hata sauti niliiona ngeni.

Usijilaumu kwa kumtoa nje. Mji mzima ulitoka.

Leo Jumapili, niko chumbani, na nina swali moja tu. Mlimwita nani? Siku nne ni nyingi, lazima mlimwita kitu. Niandikie. Hata ukianza mara nyingi, nitangoja.

Mwanao wa pili