Nilivyokupita Harusini kwa Wardah

Kismayu,
Mfunguo Sita.

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mulki, uliye Mombasa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, sukari imeshuka na usingizi unaupata. Sisi huku tunamshukuru Mola. Mkweo Mukhtar hajambo, bajaji yake ndiyo mgonjwa, kila jioni amelala chini yake. Mjukuu wako Riyadh meno ya mbele yameanza kung'oka na anakataa kucheka mbele ya wageni. Mama mdogo Saada anakusalimu, ingawa mimi hunijibu salamu kwa shida tangu yale mambo. Nami nikisema sijambo nitakuwa nakudanganya, na wewe hukunilea hivyo.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei. Kila nikipiga Nassor huniambia umelala, au unaswali, au umetoka, na huyu mdogo wangu uwongo haumkai, hata kwenye simu nasikia anavyoona haya. Sasa Mahmudi, jirani yetu mfanyabiashara wa nguo, anakuja huko kununua mzigo, nimemwomba akukabidhi hii mkononi. Usimpe Nassor akusomee. Wewe ndiwe uliyenishika vidole ukanifundisha kuandika upya, basi soma mwenyewe. Ukiona hati imepinda ni mkono wangu wa kulia, unaujua.

Kabla sijafika kwenye harusi, niache nirudi nyuma kidogo. Si kwamba umesahau, nataka ujue kuwa mimi sikusahau. Ule ukuta wa gofu uliponiangukia kule kisiwani Chovae nilikuwa na miaka sita. Ukuta wenyewe siukumbuki. Nakumbuka kuzinduka na kuona midomo ya watu inacheza na mimi sina neno hata moja la kuwajibu. Watu walisema ni jini, wakaja na kombe la zafarani na maji ya waridi, nawe ukanywa kwanza ili nisiogope. Ulinitia kijiko mkononi ukanambia kijiko, kijiko, mpaka nikalitoa, kisha msimu mzima kila kitu nikakiita kijiko, hata bibi, Mungu amrehemu, akawa ananuna. Ulifunga kamba kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo ili nishike nitembee. Wanawake wenzako walikuambia uniache tu, mtoto ameshaharibika, uzae mwingine. Ulimzaa Nassor na mimi hukuniacha.

Kisha fujo zilipozidi ukalazimika kukimbia. Nilikuwa bado naanguka kifafa, nahodha akakataa kunipakia, na Nassor alikuwa kifuani. Ukaniacha kwa mama mdogo hapa Kismayu ukasema unakwenda na kurudi. Njia zikafungwa, miaka ikapita, mimi nikakulia kwenye simu yako. Sijawahi kukulaumu kwa hilo, na leo sikulaumu.

Katika simu hizo nilikuwa nakusikia ukiwaambia majirani zako wa huko kwamba Swabra wako amepona, hakubakiwa na kitu, ameolewa, anapika mikate ya mofa na mji mzima unakuja kununua. Siku nilipoolewa ulisomesha maulidi ya shukrani. Nilikuwa nafurahi kukusikia unajisifu, mama. Ulikuwa huna kingi cha kujisifia huko ugenini.

Sasa nije kwenye harusi ya Wardah wa mama mdogo. Wewe na mama mdogo mlipanga mnishtue, mkanificha kwamba umekuja. Nilipoingia uani wanawake wote walikuwa wamekwisha kuvua mabuibui, na wote wamevaa sare, leso moja, rangi moja, zimefungwa mtindo mmoja. Mlangoni kila mtu alifukizwa udi ule ule wa mama mdogo. Ngoma na vipaza sauti vilikuwa vinapiga hata mtu humsikii wa kando yako. Mama mdogo akaja akanifokea sikioni kwa furaha kwamba mgeni wangu yumo humu ndani, nimtafute. Nikajua ni wewe. Nikaanza kupita kwenye safu ya wanawake nikitoa mkono mmoja mmoja.

Nimeambiwa baadaye kwamba wewe ulikuwa wa tatu. Kwamba ulinyamaza kwa makusudi, unatabasamu, unangoja nipige kelele. Nikakupa mkono kama ninavyompa mtu yeyote, nikakupita. Kisha nikamwona yule mama wa Burgao, Bi Fathiya, mtu wa upande wa bwana harusi, anakatiza ua kwenda kunywa maji. Nikamkimbilia, nikamshika shingo, nikalia mama, mama, mbele ya watu wote. Maskini yule mama alisimama mikono imening'inia, hajui anishike au asinishike. Ngoma ikakatika. Nikasikia mtu nyuma yangu anauliza kwa lahaja ya visiwani kwetu, "Mchu humsahauje mamake?"

Ndipo uliposema jina langu. Neno moja tu ulilosema, Swabra, na papo hapo nikajua ulipo. Nikageuka, lakini ulikwisha kuchukua buibui lako. Mama mdogo aliniambia ulilia njia nzima, ukasema huna mtoto Kismayu, aliyekuwepo amejipatia mama mwingine. Asubuhi yake ukaondoka bila hata kuonja pilau. Watu wengine mtaani wanasema nina majivuno, nilikuwa nakukomoa kwa kuniacha. Mama mdogo ni katika wanaosema hivyo.

Baada ya siku chache Hodan, jirani yetu anayefanya kazi ya uuguzi, alinijia na picha za harusi kwenye simu yake. Alikuwa ameniona ile siku, na hakucheka. Akanionyesha picha moja moja ananiuliza huyu nani. Bibi harusi nilimjua kwa mapambo. Mama mdogo nilimkosa. Nikamwonyesha mwanamke mmoja nikamwambia huyu anaonekana ana huzuni, ni nani. Hodan akaizima simu akanishika mkono, akanambia, "Abaayo, dada yangu, huyo ni wewe."

Mama, mimi nyuso sizijui. Naona macho, naona pua, naona mtu akicheka au akinuna, lakini nikigeuza shingo uso umekwenda, na nikiurudia ni mpya. Hodan anasema pigo la kichwa likitokea utotoni laweza kuvunja hicho kitu peke yake na kuacha mengine, na mara nyingi hakirudi. Nilikuwa nadhani mimi ni mzito tu, na kwamba watu wote wanajuana kama ninavyowajua mimi, kwa sauti, kwa mwendo, kwa viatu. Na hapa kwetu nani angenigundua? Wanawake tunajifunika, sote tunajuana hivyo hivyo. Wateja wangu wa mofa wakisema tu nipe miwili nawajua. Siku moja nilipanda bajaji nikamgombeza dereva njia nzima kwa kusahau samaki, mpaka alipofungua mdomo nikaona si Mukhtar. Tukacheka, yakaisha. Riyadh nimemshonea uzi mwekundu kwenye kola ya kanzu, kwa sababu watoto wakitoka chuoni wote ni kanzu na kofia nyeupe. Baba yake alidhani ni kwa ajili ya husuda.

Mukhtar nimeshamwambia. Akasema basi kuanzia leo akiingia atapiga hodi kwa jina lake, na anafanya hivyo. Mtu wa kumwambia ambaye nilimwogopa ni wewe. Nilijua nikikueleza nitakunyang'anya ile shukrani uliyoisomeshea maulidi. Lakini nimepima nikaona heri ulie kwa kichwa changu kuliko kulia kwa kudhani sikupendi.

Na sasa nikuambie kwa nini Bi Fathiya. Yule mama ana nyonga mbovu, anatembea amelalia upande wa kushoto. Wewe ulinibeba ubavuni zaidi ya mwaka, na mimi nimekwisha kuwa mtoto mkubwa, miguu inagonga magoti yako. Ukawa unatembea umelala hivyo hata siku ambazo hukunibeba. Huo ndio mwendo niliokuhifadhi nao miaka yote. Nilikuwa namtafuta mwanamke anayetembea kama amenibeba. Sikufikiria kwamba baada ya kuniweka chini ungenyooka.

Kwa hiyo mama sikukusahau. Nilikukumbuka zaidi ya ilivyotakiwa. Lakini kuna jambo moja huko hamlijui, na ndilo linalonitoa machozi nikiandika. Mtu mwingine mama yake akimnunia, bado anafumba macho na kuuona uso wake. Mimi sina uso wako wa kuuona. Picha yako ipo ukutani, wageni wakiuliza nasema ni mama yangu, na naijua kwa fremu. Nilicho nacho chako ni sauti, na sauti yenyewe umeizuia tangu harusi. Hujaninunia tu, mama. Umetoweka.

Sikuombi unisamehe kabla moyo haujataka. Barua ikifika nipigie, unigombeze, unitukane hata, au usome tu orodha ya vitu ulivyonunua sokoni, mradi nikusikie. Na kama Mungu akijaalia uje tena, usikae kimya mlangoni ukingoja nikujue. Sema wewe kwanza.

Nisalimie Nassor, mwambie simlaumu kwa uwongo wake mbovu. Nisalimie na wale majirani zako. Ukitaka waambie nimepona, waambie. Mukhtar anakubusu mkono, na Riyadh anasema amekuwekea jino moja. Nakuombea afya, na umri wa kutosha turekebishe haya.

Wasalaam,
ni mimi mwanao, uliyemfundisha maneno mara mbili,

Swabra.