Vimeng'enya Vimeshuka, Sharubati Ingoje

Mama Wagdi,

Maharage yako kwenye moto mdogo, yageuze. Sharubati ya kusherehekea na majirani isitolewe kwanza. Asubuhi ulipoona kwenye majibu ya damu kwamba vimeng'enya vya ini langu vimeshuka hadi kiwango cha kawaida, ulipiga vigelegele, na Mama Sherin akajibu dirishani: "Hongera shoga, mzee kapona!" Mzee hajui kama kapona. Majibu hayo yanaonyesha kuwa ini limetulia. Hayathibitishi kuwa virusi vya homa ya ini C vimeondoka. Nimekwenda Mansura kupimwa virusi vyenyewe.

Hata hivyo, vidonge nilivyovibeza ni wewe uliyenisimamia nivimeze. Nakushukuru.

~~Usipige vigelegele tena hadi nirudi.~~ Piga upendavyo. Tangu tulipoambiwa ninaumwa, nimekuwa nikiamshwa na hofu. Leo niliamshwa na wewe.

Mumeo,
Baba Wagdi