Kiti cha Bibi Harusi

Jumanne, Apple Valley, Marekani

Ningekataa tu kupanda lile jukwaa la maharusi. Lakini kule Indonesia, mgeni kama mimi harusini hapumui, kila mtu anataka picha naye. Sari, nesi mwenzangu aliyenialika kwa harusi ya kaka yake, alinivalisha nguo zao za dhahabu. Bibi harusi alipoenda kubadilisha nguo, mashangazi wakanikalisha kwenye kiti chake, kando ya bwana harusi, wakacheka, wakatupiga picha.

Nami nikamtumia Mama picha moja, kule Kakamega, bila maelezo yoyote. Nilikuwa nimemwambia naenda likizo tu. Ujinga wangu.

Leo nimempigia nikiwa kwa gari, kabla ya kuingia shift. Hata sijamaliza salamu.

"Asante, mwanangu. Miaka yote hii nimekuombea."

Ameshatoa shukrani kanisani. Anauliza nitamleta lini mkwe wake nyumbani.

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli.

"Baba yako ameomba hiyo picha iwekwe karibu na kitanda," akasema. "Tangu jana amekubali kula."

Nikamwambia tutakuja Desemba.

Tutakuja. Mimi na nani, Mungu wangu?